Pengo la Sentimita 38

Mvua ya Bukoba hutangulia kuonekana ziwani. Kisiwa cha Musira hufifia kwanza, kisha hufutika kama mtu amepitisha kiganja juu ya ubao wa chaki, na kabla hujamaliza kuanua nguo tayari imefika Kashai inatwanga mabati. Ikishaanza hivyo mazungumzo ya ndani hukatika, maana hakuna koo la kushindana na bati. Ilikuwa saa kama hiyo, wiki mbili zilizopita, nilipokaa mbele ya meza yangu nikashindwa kujua la kufanya. Juu ya meza kuna mbao mbili pana, na juu ya mbao hizo kuna reli ndogo ya mfano, mataruma yake njiti nilizozichonga mwenyewe mojamoja. Reli hiyo inatoka stesheni, inazunguka nyuma ya kilima cha magazeti yaliyolowekwa kwa gundi, inafika ukingoni mwa ubao wa kwanza, inakoma. Inaanza tena kwenye ubao wa pili. Kati ya mbao hizo pana pengo la sentimita 38. Pembeni, juu ya kitambaa cha jikoni, nimepanga madaraja matatu ya chuma, na mjukuu wangu wa miaka tisa ameegemeza kidevu mezani akiyakagua moja baada ya jingine. Mvua ilipolegea akauliza, "Sasa babu, unaweka lipi?" Nikamwambia angoje kidogo. Alingoja wiki mbili.

Wapo wanaonishangaa, na wana haki ya kushangaa. Bukoba haina reli. Kashai haijawahi kuamshwa na honi ya treni. Kwa wazazi wetu treni ilikuwa ng'ambo ya maji: unapanda meli jioni, unalala juu ya mzigo wako, asubuhi unaiona milima ya mawe ya Mwanza, halafu ndipo unaitafuta stesheni. Mimi pia nilikwenda shule hivyo, sanduku la bati kichwani. Mtoto aliyezaliwa kando ya njia ya treni huizoea kama alivyozoea jogoo. Sisi tulioivukia ziwa tuliikuta tukiwa tumeshaiota usiku kucha, na labda ndiyo maana ndoto hiyo haijaniisha. Reli yangu ya mezani ina upana wa milimita 12. Katika kipimo cha moja kwa 87, ambacho wapenzi wengi wa reli ndogo duniani hukifuata, milimita 12 ni karibu mita moja, na mita moja ndiyo upana wa ile njia ya zamani ya Reli ya Kati iendayo Kigoma, pamoja na tawi lake kutoka Tabora lililofika Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo kipimo nilichokishika ni cha nyumbani. Kilichobaki kunishinda ni daraja.

La kwanza kati ya yale matatu ni la kenchi, la shaba nyepesi iliyopakwa rangi ya kijivu, kazi ya Ujerumani; binti wa dada yangu alilileta ndani ya mkoba wa mkononi, limefungwa kwa soksi. Ribiti zake ni ndogo kuliko punje za ulezi, na ukipitisha kucha juu yake zinalia kama meno ya kitana. La pili limeungwa kwa vipande vya Meccano, vyekundu na vya kijani, vyenye matundu, nilivyoachiwa na mwalimu wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Frank Hornby wa Liverpool alianza kukata vipande vya namna hiyo ili wanawe wachezee, akavipatia hataza mwaka 1901, na mimi sijaona mchezo ulioiheshimu akili ya mtoto kuliko huo. La tatu amelitengeneza fundi wa hapahapa Kashai, mtu wa kulehemu vibatari na kuziba masufuria, kwa debe la mafuta ya kupikia na spoki za baiskeli. Ukiligeuza juu chini, tumboni mwake bado unasoma nusu ya maandishi ya debe. Mkono wa fundi umetetemeka mahali pawili na risasi imeganda kama chozi la mshumaa. Ni zito kuliko yale mengine mawili.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikianza na daraja. Naona picha ya daraja zuri, moyo unakwenda, kisha natafuta mahali pa kuliweka. Fundi mzuri hafanyi hivyo. Yeye huanza na pengo. Hulipima upana, halafu hutazama chini kujua kina, halafu huuliza ni nini kitapita chini na ni nini kitapita juu, na majibu hayo yakishapatikana daraja linakuwa limekwisha kujichagua. Pengo likiwa na kina kirefu, kenchi hulala chini ya reli, na treni hupita juu peupe kama mtoto anayetembea juu ya ukuta. Maji yakiwa karibu na reli, kenchi hupanda juu, na treni hupita katikati yake kama mtu anayepita ushorobani. Mwanya ukiwa mfupi, kenchi haina kazi. Mihimili miwili ya mabamba inatosha, na kuweka zaidi ya hapo ni kujisumbua. Nilimwonyesha mjukuu kwa njiti nne na pini nne za nguo. Pembenne ukiisukuma inalala upande kama mlevi. Ukiongeza njiti moja ya mshazari zinazaliwa pembetatu mbili, na sasa sukuma utakavyo: haitikisiki. Akainua macho akatazama paa letu, ambalo siku ile dari yake ilikuwa imefunguliwa kwa sababu ya kuvuja, akaziona kenchi za mbao zilizotuhifadhi tangu azaliwe. Hakusema kitu. Alinyoosha kidole tu.

Nikiri kwamba kuna daraja la namna moja nililolitamani kupita kiasi. Reli ya Uganda ilipokuwa ikishuka kutoka kilele cha Mau kwenda Kisumu, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikutana na makorongo mfululizo, na juu ya makorongo hayo kampuni ya American Bridge Company ya Marekani ilisimamisha madaraja 27 ya miguu mirefu ya chuma. Picha zake zikikuingia hazitoki: treni ndogo juu ya miguu myembamba, msitu chini, ukungu. Nililichora, nikalikatia spoki, nikalisimamisha katikati ya pengo langu, na mara nikaona aibu ya mtu aliyevaa koti la kuazima. Kagera ina vilima na ina mabonde ya kinamasi yenye matete na mafunjo, lakini pengo letu sisi halifanani na makorongo ya Mau. Nililivunja siku ileile. Spoki ninazo bado.

Hata chuma chenyewe kinataka kutazamwa kabla ya kukatwa, na hapa lazima nipunguze mwendo, kwa maana hapa ndipo roho yangu hukaa. Si mbali na Bukoba, upande wa Maruku, pana mahali panapoitwa Katuruka. Masimulizi ya Wahaya yanamkumbuka mfalme Rugomora Mahe, aliyewaamuru wahunzi wake wamjengee mnara wa chuma ili azione mbingu. Mnara ukaanguka. Pale palikuwa na mti wa kuheshimiwa, Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma, na wazee walimwelekeza mwanaakiolojia Peter Schmidt achimbe pale, naye akakuta masalia ya matanuri na mkaa wa takriban miaka 2,000. Hadithi ilikuwa imehifadhi mahali kwa uaminifu kuliko maandishi. Kisha wazee waliowahi kufua chuma ujanani wakakubali kulijenga tena tanuri mbele ya macho yake: udongo wa kichuguu kwa ukuta, matete ya kinamasi yaliyochomwa kwenye shimo la chini, mivukuto, na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla haijafika kwenye mkaa. Kilichotoka kilikuwa feleji, chuma kigumu chenye kaboni. Kwa hiyo ninapomwona fundi wangu wa Kashai ameinama juu ya debe, akipuliza makaa, siwezi kumwona kama mtu wa kuokoteza. Naona kazi iliyokatika mahali fulani na kuungwa mahali pengine kwa risasi kidogo. Na kuhusu mnara wa Rugomora, nimeufikiria sana. Mnara ni daraja lililosimamishwa wima. Mfalme alikuwa na chuma, alikuwa na mafundi, alikuwa na amri. Pengo lililokuwa mbele yake hakulipima.

Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha habari za matanuri hayo katika jarida la Science la tarehe 22 Septemba 1978. Wiki sita baadaye, tarehe 3 Novemba 1978, daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera, likalipuliwa. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia na kuishika ardhi yote ya kaskazini mwa mto huo, yakaogopa kwamba jeshi letu litarudi kwa njia hiyo. Ndege zilijaribu kulivunja zikashindwa, ndipo akatafutwa mjuzi wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka watu waliokuwa wakiingia mjini kwa miguu kutoka upande ule, mbuzi mmoja kwenye kamba, godoro kichwani, bibi mmoja akiwa ameshika kuku bila kujua kwamba amekufa. Mama aliwapa uji, akawa anawaambia "waitu, kaeni kwanza," nao hawakuweza kukaa. Dunia ilikuwa imetoka tu kuambiwa kwamba watu wa nchi hii walijua feleji miaka elfu mbili iliyopita, na sisi wenye nchi tulikuwa kwenye ukingo wa mto, daraja limelala majini. Hadi leo ukipita Kyaka utaliona gofu la kanisa lililoachwa lilivyo kama kumbukumbu. Kuta zimesimama na paa halipo.

Jeshi lilivuka. Juu ya mto ule ule wahandisi wa JWTZ walitandika daraja la Bailey, na hapa ndipo meza yangu na Mto Kagera vinapokutana, jambo ambalo nililijua nikiwa mtu mzima na likanitoa machozi. Donald Bailey alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza aliyependa, katika muda wake wa mapumziko, kuunda madaraja madogo ya mfano. Kutokana na mchezo huo, na mahitaji ya Vita Kuu ya Pili, ukazaliwa mfumo wa fremu za chuma zinazofanana zote, kila moja urefu wa mita 3 hivi na kimo cha mita moja na nusu, zinazounganishwa kwa pini. Fremu moja ina kilo 260 hivi. Uzito huo ulikusudiwa: watu sita waweze kuinyanyua bila winchi. Gawanya mwenyewe uone. Kila mtu anabeba kilo 43, pungufu ya gunia la kahawa, na makuli wa bandari zetu wamebeba zaidi ya hapo maisha yao yote. Kidole kimoja hakivunji chawa, twasema, na Bailey aliuandika ujuzi huo kwa chuma: akapima nguvu ya watu sita kwanza, akaikata fremu ilingane nao. Kwa kipimo cha meza yangu fremu ya Bailey ina sentimita tatu na nusu, na pengo langu lingetaka 11. Nimezihesabu mara nyingi, usiku, badala ya kuhesabu kondoo. Mtu aliyekuwa akichezea madaraja madogo mezani kwake ndiye aliyewavusha vijana wetu Kyaka, wengi wao wasijue jina lake.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka. Watu walifariki, maelfu ya nyumba zilibomoka, na mbele ya hayo meza yangu si kitu. Lakini niliporudi ndani baada ya saa nyingi za kukaa uwanjani na majirani, niliona jambo. Wakati ule nilikuwa na daraja jingine, dogo, juu ya nguzo za matofali madogo ya saruji. Nguzo zilikuwa chini, zimevunjika. Daraja lilikuwa zima, limelala kifudifudi sakafuni, wala ribiti haikuachia. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba penyewe palikuwa pale nilipopadhania kuwa papana, pale kwenye miguu. Tangu siku hiyo, nikilitazama daraja lolote, hata la Rusumo kule mpakani na Rwanda, macho yangu huanza mahali linapokanyaga.

Sasa nilirudie pengo. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiliita mto, kwa mazoea, na kila daraja nililoliweka juu ya mto huo lilionekana geni. Nikaweka la Ujerumani, likawa Ujerumani. Nikaweka la Meccano, likawa sebule ya yule mwalimu. Nikaweka la debe, likazidi, maana urefu wake ni zaidi ya pengo na liliegemea pande zote mbili kama mzee aliyelala kwenye kitanda cha mtoto. Ni mjukuu aliyenitoa gizani, bila kukusudia. Alikuwa amechukua kitambaa cha buluu cha shule, masalia ya sare yake, akakitandika katika pengo, akasema, "Hapa ni ziwani." Nilinyamaza kitambo. Kumbe nilikuwa nimeijenga stesheni ya upande huu na stesheni ya upande ule, na katikati nimeacha maji yaleyale niliyoyavuka mtoto, na sikuyatambua kwa sababu niliyapa upana wa kuvukwa kwa hatua moja.

Ziwa haliwekewi kenchi. Waliojenga lile la Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, walivuka mkono mmoja tu wa Ghuba ya Mwanza, na hata huo umedai kilomita 3 za zege na nyaya. Ninaliheshimu sana, limewaondolea wagonjwa na wajawazito foleni ya kivuko, na atakayeyachukulia hayo kuwa madogo hajawahi kulala kwenye foleni ile. Lakini linabeba magari, halikuwekewa reli, na kati ya Bukoba na Mwanza maji yamebaki kuwa maji. Tumeyavuka kwa kuamini. Mwaka 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka hapa, ikapitia Kemondo kuchukua watu wengine, na asubuhi ya tarehe 21 Mei ikapinduka Mwanza ikiwa imekaribia kabisa kufika. Mamia ya watu. Kila mtaa wa mji huu una nyumba inayoijua tarehe hiyo bila kuitazama kwenye kalenda, na ninapoandika neno "pengo" najua kwamba kwao lina maana nisiyopaswa kuichezea. Nilifikiri hata kukiondoa kile kitambaa cha buluu. Sikukiondoa.

Na Kemondo ndiko jibu lilikokuwa limelala. Nikiwa mtoto nililijua, uzeeni nikalisahau. Katika bandari ya Kemondo, kusini kidogo mwa Bukoba, katika mkoa usio na reli, lipo daraja la reli. Ni fupi. Limetoka nchi kavu, limeelekea majini, halikufika ng'ambo yoyote. Lilijengwa ili meli za kubeba mabehewa, kama MV Umoja iliyoundwa Scotland miaka ya 1960 na kutandikwa reli juu ya sitaha yake, zije kulipokea upande wa pili. Baba yangu alikuwa karani pale, na siku za likizo aliniketisha juu ya magunia nitazame. Meli inarudi kinyumenyume, polepole, hadi mgongo wake unaligusa daraja. Reli za nchi kavu zinalingana na reli za melini. Kisha behewa la kwanza linasukumwa. Hapo ndipo jambo lenyewe. Behewa likiingia, meli inazama kidogo, na daraja linainama nayo. Behewa likitoka, meli inainuka, daraja linainuka. Mabehewa yalipangwa kwa zamu, kulia na kushoto, ili meli isilale upande mmoja, na baba alizihesabu zamu hizo kwa sauti kama anayesali rozari. Upande mmoja wa daraja umeshikwa na ardhi. Upande wa pili haushikwi na kitu mpaka mgeni afike.

Nilikwenda kuliona tena, Jumanne, kwa basi dogo, mjukuu akiwa dirishani. Nilitaka kupima, nikachukua hata futi ya kamba. Sikupima. Nilisimama tu, nikalitazama linapokanyaga. Chuma kimekula kutu ya rangi ya kahawa iliyokaangwa, na kutu nayo ni funzo, kwa kuwa haitoki mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, na chuma huliwa na hewa ileile inayolipa nguvu tanuri la Katuruka. Nilifikiria ni mara ngapi ziwa lenyewe limelidai daraja la namna hii kunyenyekea. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Nyanza yalipanda zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 na 2024 tukayaona yakipanda tena hadi kuingia majumbani mwa watu wa ufukweni. Daraja lililokazwa pande zote mbili lingekuwa limechagua kimo kimoja cha ziwa na kukigombania hadi livunjike. Hili limekubali kwamba maji yana kauli. Mjukuu aliuliza kwa nini reli imekatwa. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akamjibu kabla yangu, kwa upole: "Haijakatwa, mjukuu wangu. Inasubiri."

Tuliporudi Kashai nilimpelekea fundi daraja lake. Nilihofia atachukia nikimwambia alikate. Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema angefurahi kupata nafasi ya kurekebisha pale mkono ulipotetemeka. Akalikata kwa mkasi wa bati sentimita 14 kamili, akalikunja ukingo, akausugua kwa msasa ili usimkate mtoto. La Ujerumani nimelirudisha ndani ya soksi yake. La Meccano tumelifungua, mjukuu anavihesabu vipande vyake kitandani. Kilichokosekana kilikuwa bawaba, na za dukani zote ni kubwa mno, za makabati na madirisha. Usiku nikakumbuka sanduku langu la shule. Lipo chini ya kitanda, limejaa vyeti na picha, na pembeni mwa kifuniko chake, penye kitasa kidogo cha kufungia kufuli, pana bawaba moja nyembamba yenye upana wa kidole. Niliing'oa taratibu kwa bisibisi, nikailehemu mwenyewe, ncha moja kwenye daraja na ncha nyingine kwenye ubao wa kwanza, nikaitia tone moja la mafuta ya cherehani.

Asubuhi mjukuu alisukuma behewa hadi mwisho wa reli. Daraja likainama juu ya kitambaa cha buluu, likatulia. Akaondoa behewa, likainuka. Akarudia mara nyingi, hakuchoka, na mvua ilikuwa imeanza tena upande wa Musira. Kisha akachukua rula yake ya shule, akaiweka kutoka ncha ya daraja hadi ubao wa pili, akasoma namba kwa sauti. Zimebaki sentimita 24.